Ni kinanda au ni Neno? Dhana kuhusu Kanisa la Kipresbiteri

Wengi huamini kwamba Upresbiteri halisi ni kinanda, kanzu nyeusi na nyimbo za taratibu. Sivyo. Wamisheni wa Kiskoti walipohamia Kikuyu, nchini Kenya, mwaka 1898, waliacha hata jina lao pale: Thogoto ni "Scot" katika vinywa vya wenyeji. Lakini huko kwao waliimba zaburi bila kinanda chochote hadi karne ya 19. Ungamo la Uskoti la 1560, walilolitunga mwanamageuzi John Knox na wenzake watano, linataja alama tatu za kanisa la kweli: Neno kuhubiriwa kwa uaminifu, sakramenti kutolewa ipasavyo na nidhamu kushikwa.

Nidhamu hiyo ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko yote. Watu husikia neno hilo wakawaza mtu kusimamishwa mbele ya ushirika na kuaibishwa. Zamani Uskoti, kabla ya Meza ya Bwana, wazee waliwagawia washirika kipande kidogo cha risasi, kimepigwa chapa ya herufi za parokia. Ulikikabidhi ulipokuja mezani. Kabla ya kukupa, mzee alitaka kujua unaijua imani yako na unaishije. Kama mmegombana na jirani, mpatanishwe kwanza. Shabaha ilikuwa kumrudisha mtu. Naona hapa ndipo tulipolegea sana siku hizi: tunajua nani hajamaliza ahadi yake ya jengo, lakini hatujui nani hasemezani na ndugu yake.

Wengine hutulaumu: "Ungamo la Westminster, tamko lenu la imani, mmelifanya Biblia ya pili." Ungamo lenyewe, la 1646, linakataa. Sura ya kwanza kati ya 33 inahusu Maandiko, na mbele linasema wazi kwamba mabaraza ya kanisa yanaweza kukosea, na mengi yamekosea.

Wengine humwona Moderata kama askofu, na uzee wa kanisa kama zawadi ya wenye uwezo. Moderata huongoza kikao. Katika presbiteri, yaani baraza la wachungaji na wazee wa eneo, kura ya mzee ina uzito sawa na ya mchungaji, na mzee huwekwa wakfu ili achunge watu.

Na je, fundisho la kuchaguliwa na Mungu tangu awali huua uinjilisti? Wamisheni wa Kiskoti waliopiga kambi Kibwezi mwaka 1891, kabla ya kuhamia Kikuyu, walitoka katika makanisa yaliyokiri fundisho hilo hilo.