Kwa nini oksijeni inayomwokoa mtoto njiti inaweza kumpofusha?

Mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 28 huwekewa oksijeni kwa sababu mapafu yake bado machanga. Wengi hawaponi bila hiyo. Baadhi ya wanaopona hupoteza uwezo wa kuona, na mitaani sababu zinazotajwa ni mbili: taa za wodini zimewachoma macho, au oksijeni kali imewaunguza.

Suala la taa lilishapimwa. Huko Marekani watoto njiti walivalishwa miwani ya kupunguza mwanga, na matokeo yaliyochapishwa 1998 hayakuonyesha kinga yoyote. Suala la kuunguzwa linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa oksijeni inahusika kweli. Hata hivyo haiunguzi chochote. Inachofanya ni kusimamisha kazi ambayo jicho lilikuwa halijaimaliza.

Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, huanza kupata mishipa ya damu mimba ikiwa na wiki 16 hivi. Mishipa huanzia penye neva ya jicho ikitambaa kuelekea kingoni. Upande wa pua hufika karibu na wiki ya 36, upande wa sikio karibu na wiki ya 40. Kwa hiyo mtoto wa wiki 28 ana retina ambayo kingo zake hazina mishipa bado.

Kinachoivuta mishipa hiyo ni kiu. Chukua wakulima wa mlimani wanaochimba mfereji kuelekea mashamba ya mbali: ukavu wa mashamba ndio unaowasukuma, nao huchimba kwa mpangilio. Mvua kubwa ikinyesha kabla hawajafika, wanaweka majembe chini. Mimea inastawi, inakua, inataka maji mengi zaidi. Kisha mvua inakatika. Hapo kila mtu anachimba kwa pupa popote, kingo zinabomoka, maji yanamwagika na udongo unaporomoka.

Ndivyo inavyokuwa jichoni. Tumboni oksijeni ni kidogo, na retina yenye kiu hutoa protini iitwayo VEGF inayoita mishipa. Mtoto akizaliwa, hata hewa ya kawaida humpa oksijeni nyingi kuliko aliyoizoea, na ya mtungi huzidi sana. VEGF hushuka, mishipa husimama. Wiki kadhaa baadaye retina imekomaa na kiu imerudi, VEGF hufurika, mishipa dhaifu huota ovyo, huvuja, hufanya makovu, na makovu huweza kuibandua retina.

Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 watoto wapatao 10,000 duniani walipofuka hivyo. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa 1950 wiki sita kabla ya wakati, ni mmoja wao. Daktari Kate Campbell wa Melbourne aliishuku oksijeni mwaka 1951, na jaribio la hospitali 18 za Marekani likathibitisha. Oksijeni ikabanwa. Upofu ulipungua, vifo vikaongezeka: makadirio ya Uingereza ya 1973 yalisema kila mtoto aliyeepushwa upofu huenda aligharimu maisha ya watoto 16 hivi. Hadi leo kiwango kinachofaa zaidi kinajadiliwa. Tena oksijeni haiko peke yake. Maambukizi na kuchelewa kuongezeka uzito navyo huchangia.

Mara nyingi ugonjwa huu wa retina ukiwa mwepesi huisha wenyewe. Ukiwa mkali hutibiwa kwa leza au sindano ya kuzuia VEGF, lakini siku za kuwahi ni chache, na kwa nje jicho huonekana zima kabisa. Mboni ikishaonekana nyeupe, mara nyingi tumechelewa. Ndiyo maana daktari wa macho hutakiwa kuichunguza retina takriban wiki nne baada ya kuzaliwa, hata kama mama na mtoto wameruhusiwa kwenda nyumbani. Palipo na oksijeni isiyopimwa vizuri, hata watoto wenye uzito mkubwa kidogo hupatwa.

Na macho ya njiti huendelea kuhitaji kuangaliwa. Kutoona mbali, makengeza na jicho vivu (jicho ambalo ubongo umezoea kutolitumia) huwapata zaidi kuliko wenzao, wakiwemo ambao hawakuugua retina. Waliougua wanaweza kubanduka retina hata ukubwani, hivyo mtu mzima anayeona ghafla vimulimuli au kivuli pembeni mwa jicho amwambie daktari siku hiyohiyo kwamba alizaliwa njiti.