Baiskeli ya Da Vinci haijawahi kuwepo

Kuna picha inazunguka sana mitandaoni, mchoro wa baiskeli yenye pedeli na cheni, eti Leonardo da Vinci, yule msanii Mwitaliano, ndo aliibuni miaka ya 1490 halafu dunia ikalala karibu miaka 400. Hapana jamani. Mchoro ulitangazwa 1974 baada ya makaratasi yake kukarabatiwa, ila mtaalamu wa kazi za Leonardo, Carlo Pedretti, alishaiangalia karatasi hiyohiyo 1961 kwa kuimulika na mwanga, akasema aliona maduara na vimistari tu, pedeli hakuna, cheni hakuna, ndo maana wataalamu wengi wanaamini kuna mtu alikuja kumalizia baadaye.

Ya kwanza tunayoijua vizuri ni ya Mjerumani Karl Drais, 1817 pale Mannheim. Ya mbao, matairi mawili yamefuatana, usukani mbele, pedeli hamna, unakaa kwenye siti unasukuma ardhi kwa miguu mmoja mmoja kama mtu anakimbia huku amekaa. Na hapo ndo kuna utamu, maana mbao, chuma kidogo na mafundi wa mikokoteni vilikuwepo karne nyingi kabla, kwa hiyo hii ya Drais kweli ingeweza kuja mapema. Mi nadhani hakuna aliyewaza kwamba kitu cha matairi mawili hakianguki kikiwa kwenye mwendo, we mwenyewe ulivyojifunza uliamini?

Ila cheni ya kuzungusha tairi la nyuma, ile tunayoipaka grisi mpaka leo, imekuja kushika soko miaka ya 1880, viwanda vilipoweza kutoa vipande vidogo vya chuma vinavyofanana kabisa.