Mpopulisti akipelekwa mahakamani

Machi 2014, mjini The Hague, Geert Wilders, mwanasiasa wa Uholanzi anayepinga uhamiaji, aliuliza umati wa wafuasi wake kama wanataka Wamorocco waongezeke au wapungue. Wakapiga kelele kwamba wapungue, naye akawaahidi kwamba atalishughulikia. Desemba 2016 mahakama ilimtia hatiani kwa kutukana kundi la watu na kuchochea ubaguzi, ila haikumpa adhabu yoyote. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikafuta kosa la uchochezi na kuacha la matusi. Novemba 2023 chama chake, PVV, kikapata viti 37 kati ya 150 vya bunge, vingi kuliko chama kingine chochote.

Sisemi kesi ndiyo iliyompa viti hivyo. Uhaba wa nyumba na mvutano kuhusu wahamiaji vilichangia pakubwa. Lakini mimi ninayefundisha sheria ya katiba naona hukumu ya namna hii ni hasara tupu. Upopulisti huigawa nchi mara mbili: wananchi halisi upande huu, wakubwa waliooza upande ule. Ukimpandisha kizimbani kiongozi wa siasa hizo kwa kosa la matusi, kisha ukamwachia bila hata faini, umemthibitishia hadithi yake wala hujamlinda Mmorocco yeyote.

Katika kuwekea mipaka uhuru wa kusema, naupendelea mpaka mwembamba, wenye meno. Marekani iliuchora mwaka 1969 katika kesi ya Brandenburg, kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi: kauli huadhibiwa pale tu inapolenga kuchochea uvunjaji wa sheria wa papo hapo, na ikaelekea kweli kuuleta. Wajerumani, kwa historia yao ya Unazi, hawawezi kusubiri hadi dakika hiyo, na siwalaumu. Hata hivyo, mwaka 2017 Mahakama yao ya Katiba ilikataa kukipiga marufuku NPD, chama cha mrengo mkali wa kulia. Ilikiri kwamba malengo yake yanapingana na katiba, ila ikaona hakina nguvu ya kuyatimiza. Njia ni tofauti, lakini wote wanapima hatari, si ukali wa maneno peke yake.

Kipimo hicho kina tundu, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Tunabishana miaka nenda miaka rudi kuhusu kauli za mpopulisti aliye nje ya serikali, huku silaha zake kubwa akizipata akishaingia. Hungaria chini ya Viktor Orbán haikuhitaji kumfunga kila mhariri. Mwaka 2018 zaidi ya vyombo vya habari 400 viliwekwa chini ya taasisi moja inayoelemea upande wa serikali. Februari 2021 Klubrádió, kituo kilichokuwa kikiikosoa serikali, kilipoteza masafa yake baada ya mamlaka ya habari kukataa kuongeza muda wa leseni, kwa hoja ya makosa ya kuwasilisha taarifa. Katika mkasa huo wote, sheria ya uchochezi haikuguswa hata kidogo.