Je, wajua kwa nini kingamwili za leo hushinda VVU vya jana, lakini si vya leo?

Chukua damu ya mtu aliyeambukizwa VVU mwaka mmoja uliopita na ambaye bado hajaanza dawa. Tenga majimaji ya damu yenye kingamwili, kisha uyakutanishe maabara na virusi vilivyohifadhiwa kutoka kwa mtu huyohuyo miezi sita nyuma. Kingamwili zitavizuia visiingie kwenye seli. Rudia jaribio hilo kwa virusi vilivyotolewa mwilini mwake siku hiyohiyo, navyo vitapita karibu bila kuguswa.

Jambo hili lilionyeshwa wazi na tafiti mbili za Marekani mwaka 2003, nami naliona kuwa ndiyo njia bora ya kuuelewa ugonjwa huu. Watu wengi hudhani mwili wa mwenye VVU umeshindwa kupigana. La hasha. Mwili unapigana kwa nguvu zake zote na unapiga shabaha, ila kila shabaha inapopigwa virusi vimeshahama.

Vinahamaje haraka hivyo? Vinasaba vya VVU ni uzi wa RNA wenye herufi takriban 9,700. Kirusi kikiingia kwenye seli, kimeng'enya chake huinakili RNA hiyo kuwa DNA, na kimeng'enya hicho ni kama karani mwenye haraka ambaye harudii kusoma alichoandika. Hukosea takriban herufi moja katika kila elfu kumi hadi laki moja. Kwa mtu asiyetumia dawa, virusi vipya vipatavyo bilioni 10 huzalishwa kila siku. Weka hesabu hizo pamoja utaona kwamba karibu kila kosa la herufi moja linaloweza kutokea hutokea mahali fulani mwilini, siku baada ya siku. Makosa mengi hukidhuru kirusi chenyewe. Machache hukipa sura ambayo kingamwili haziijui, na hicho ndicho kinachobaki kuzaana.

Kuna njia nyingine pia. Kila kirusi hubeba nakala mbili za RNA, na wakati wa kunakili kimeng'enya huruka kutoka nakala moja kwenda nyingine. Seli moja ikiingiwa na virusi viwili tofauti, watoto wao wanaweza kuwa machotara wenye vipande vya pande zote mbili. Ndiyo maana tofauti za virusi ndani ya mtu mmoja, miaka kadhaa baada ya kuambukizwa, zimekadiriwa kulingana na tofauti za virusi vya mafua vya dunia nzima kwa mwaka mmoja. Na chanjo ya mafua, kama tujuavyo, hubidi kupitiwa upya kila mwaka.

Lakini maambukizi hayaanzi na msururu huo. Katika takriban robo tatu ya maambukizi ya njia ya ngono kati ya mwanamume na mwanamke, ni kirusi kimoja tu kinachofanikiwa kuvuka na kuanzisha ukoo mpya. Katika wiki za kwanza, basi, virusi vyote mwilini vinafanana karibu kabisa. Utofauti unajengwa baadaye, na anayeujenga kwa sehemu kubwa ni kinga yenyewe: inaua vinavyotambulika na kuviachia nafasi visivyotambulika. Ukisoma vinasaba vya virusi vya mtu mmoja mwezi kwa mwezi, unasoma historia ya kinga yake.

Askari wa kwanza wenye makali ni seli T zinazoua seli zilizoambukizwa. Seli zetu hutoa nje vipande vidogo vya protini zilizomo ndani yake, vikiwa vimeshikwa na molekuli ziitwazo HLA, na seli T ikiona kipande cha kirusi humwangamiza aliyekibeba. HLA hutofautiana sana baina ya watu, kwa hiyo watu wawili walioambukizwa kirusi kilekile huonyesha vipande tofauti. Wenye HLA-B*57 au B*27 mara nyingi huweza kukaa na VVU muda mrefu zaidi bila kuugua, kwa sababu molekuli hizo hushika vipande vya protini ya Gag, ile inayojenga ganda la ndani la kirusi. Kirusi kinaweza kubadilisha sehemu hizo, lakini kwa gharama: ganda hudhoofika na uzazi hupungua. Baadhi ya mabadiliko hayo hurudi kama yalivyokuwa pindi kirusi kinapohamia kwa mtu asiye na B*57. Hii ni dalili nzuri kwamba kuna mahali ambapo VVU havibadiliki bila kuumia.

Si kila badiliko lina gharama, hata hivyo. Nchini Japani, HLA-B*51 ni ya kawaida sana, na badiliko linalokwepa seli T za wenye B*51 limeenea huko hata kwa watu wasio na molekuli hiyo. Utafiti wa nchi kadhaa uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kadiri B*51 inavyopatikana kwa wingi katika jamii, ndivyo badiliko hilo linavyozidi kuonekana katika virusi vya jamii hiyo. Yaani virusi vinajifunza kinga ya mtu mmoja mmoja, na vilevile ya jamii nzima.

Kingamwili nazo hutokea mapema, wiki chache tu baada ya maambukizi, na ndizo kipimo cha kawaida huzitafuta. Za mwanzo hizo hugusa kirusi bila kukizuia. Zenye uwezo wa kukizuia huja baada ya miezi, na hapo ndipo ule mchezo wa jana na leo unapoanza. Juu ya kirusi kuna miiba ya protini inayotumika kujishikiza kwenye CD4, protini iliyo juu ya seli za kinga ambazo kirusi huziingia. Ni michache, kama kumi na minne hivi, ilhali kirusi cha mafua kina mamia. Kingamwili ina mikono miwili, na nguvu yake hutokana na kushika miiba miwili kwa wakati mmoja. Miiba ikiwa mbalimbali, mkono mmoja hubaki hewani. Isitoshe, karibu nusu ya uzito wa sehemu ya nje ya mwiba ni sukari, nayo imetengenezwa na seli zetu wenyewe, hivyo kinga huiona kama mali ya nyumbani na kuiacha. Panapobaki wazi ni vitanzi vya protini vinavyoweza kubadilika, kurefuka au kuhamisha sukari bila kukidhuru kirusi. Kingamwili nyingi huelekezwa hapo, mahali ambapo ushindi haudumu.

Sasa toka ndani ya mtu mmoja uitazame dunia. VVU vilivyoenea duniani, vya kundi M, vilitokana na virusi vya sokwe wa kusini mashariki mwa Kamerun, na uchunguzi wa vinasaba unaonyesha vilianza kusambaa Kinshasa miaka ya 1920. Sampuli ya zamani kabisa ya damu yenye VVU inayojulikana ilitolewa mwaka 1959 katika mji huohuo. Karne moja ya kunakili kwa makosa imezaa aina A, B, C, D, F, G, H, J, K na L, pamoja na machotara zaidi ya 100 waliosajiliwa. Protini ya mwiba inaweza kutofautiana kwa asilimia 30 na zaidi kati ya aina moja na nyingine. Aina C, iliyotawala kusini mwa Afrika na India, inasababisha karibu nusu ya maambukizi yote duniani. Aina B, ya Ulaya na Amerika, haifiki hata moja ya tano. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi sehemu kubwa ya utafiti wa maabara na chanjo za mwanzo ilijengwa juu ya aina B. Naliona hilo kuwa ukosefu wa haki, na kosa la kisayansi pia: ulimwengu ulikuwa ukijifunza kinga dhidi ya virusi vya wachache.

Mtu anayeishi na VVU akisoma haya anaweza kuuliza kama aina aliyonayo ni mbaya zaidi. Kuna tofauti kiasi. Tafiti za Uganda zilionyesha kwamba, bila matibabu, wenye aina D huelekea kuugua mapema kuliko wenye aina A. Lakini dawa za ARV zinazotumika sasa hufubaza aina zote za kundi M, kwa sababu hulenga vimeng'enya ambavyo kirusi hakiwezi kuvibadilisha hovyo. Usugu hutokea hasa pale dawa zinapomezwa kwa kurukaruka na kirusi kikapata mwanya wa kuzaana huku kikijifunza. Anayemeza dawa ipasavyo na virusi vikawa havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa ngono, awe na aina yoyote.

Kwa upande wa kingamwili, herufi za aina hizi hazina maana kubwa kama unavyoweza kudhani. Ungetarajia kingamwili za mwenye aina C zizuie aina C zote na kushindwa na A. Huwa hivyo kidogo tu. Virusi viwili vya aina moja vinaweza kutofautiana machoni pa kingamwili kuliko virusi vya aina mbili mbalimbali, kwa kuwa kingamwili haisomi uzi wote wa vinasaba. Inagusa umbo la kipande kidogo cha mwiba. Umbo hilo likifanana, herufi haijalishi.

Na hapa ndipo penye tumaini. Takriban mtu mmoja hadi watatu kati ya kumi wenye VVU, baada ya miaka miwili au zaidi ya maambukizi bila dawa, hutengeneza kingamwili zenye wigo mpana zinazozuia virusi vya aina nyingi. Mojawapo, iitwayo VRC01 na iliyotangazwa mwaka 2010, ilizuia takriban asilimia 90 ya virusi ilivyojaribiwa navyo maabara. Hushika pale hasa kirusi kinapojishikiza kwenye CD4, mahali ambapo kikipabadilisha kupita kiasi kitashindwa kuingia kwenye seli yoyote.

Mwaka 2013 watafiti walichapisha kisa cha mtu mmoja kutoka Afrika aliyefuatiliwa tangu wiki za mwanzo za maambukizi. Waliweza kuona hatua kwa hatua jinsi kingamwili yake ya wigo mpana ilivyozaliwa: kirusi kinakwepa, seli B, yaani zile zinazotengeneza kingamwili, zinairekebisha, kirusi kinakwepa tena, zinarekebisha tena, hadi kingamwili ikazoea sura nyingi za mwiba na kung'ang'ania kile kilichobaki bila kubadilika. Kwa hiyo utofauti ule ule unaoishinda kinga ndio unaoifundisha. Utafiti wa wanawake wa Mombasa, Kenya, unaelekea hukohuko: walioambukizwa mara ya pili na kirusi kingine walikuwa na kingamwili pana na zenye nguvu zaidi kuliko walioambukizwa mara moja. Uchungu wake ni kwamba kingamwili hizo kwa kawaida hazimponyi mwenyewe. Zinapokamilika, virusi vyake vimeshazikwepa, na hifadhi ya virusi imeshajificha ndani ya seli.

Je, mtu akipewa kingamwili hizo kabla ya kuambukizwa? Majaribio ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2021 yalihusisha zaidi ya watu 4,600 katika mabara manne, ikiwemo Tanzania, Kenya na Afrika Kusini. Baadhi yao waliwekewa VRC01 kwa dripu kila baada ya wiki nane, na wengine dripu isiyo na kingamwili hiyo ili kulinganisha. Kwa jumla haikupunguza maambukizi. Ila dhidi ya virusi vyenye kuathirika nayo kwa urahisi, kinga ilifikia takriban asilimia 75. Tatizo ni kwamba virusi vya namna hiyo vilikuwa kama asilimia 30 tu ya vinavyozunguka katika maeneo hayo. Kingamwili moja haitoshi, ndiyo maana sasa zinajaribiwa kwa mchanganyiko, kila moja ikishika sehemu yake ya mwiba.

Chanjo ni kazi ngumu zaidi, maana inabidi kuufundisha mwili wenye afya somo lililomchukua mgonjwa miaka. Chanjo ya Imbokodo, iliyounganisha vipande vya aina nyingi za VVU na kujaribiwa kwa wanawake wapatao 2,600 wa kusini mwa Afrika, haikutoa kinga ya kutosha mwaka 2021. Njia inayofuatwa sasa ni ya hatua. Sindano ya kwanza huamsha zile seli B adimu zenye uwezo wa kuzaa kingamwili kama VRC01. Zinazofuata huzionyesha miiba inayozidi kufanana na ile halisi. Katika jaribio la kwanza kwa binadamu, lililochapishwa mwaka 2022, seli hizo ziliamka kwa watu 35 kati ya 36 waliopata chanjo. Jaribio lililofuata Rwanda na Afrika Kusini, kwa chanjo ya mRNA, liliziamsha kwa karibu washiriki wote, ingawa baadhi ya waliochanjwa Marekani katika utafiti sambamba walipata muwasho na vipele vya ngozi vinavyochunguzwa bado. Kazi iliyobaki ni kuzisukuma seli hizo, sindano kwa sindano, hadi kingamwili zake ziweze kuvizuia virusi vinavyozunguka kwa watu leo.