Bwana alirudi ku vita na haongei: someni vitabu vya kweli mbele ya kumuuliza

Tangu tuanze kampeni ya usomaji kwa familia za askari wa zamani hapa Lubumbashi, wamama wanakuja ku biro na swali moja tu: juu ya nini bwana yangu haongei? Wengine walishamupeleka kwa muchungaji kutoa mashetani, wengine wanasema ni bangi, wengine eti ana roho mbaya. Hatukatazi maombi. Lakini mutu mwenye kulala karibu ya mulango kila usiku, na kuruka wakati watoto wanapiga fataki za Noeli, hana shetani, akili yake ingali ku zamu.

Njo maana tunasema someni kwanza kumbukumbu za mutu mwenye alipigana na akaandika bila kujisifu. Utamujua namna gani? Anaongea njaa, matope, kuhara, harufu, siku mingi za kungojea bila kuambiwa kitu, na woga, tena woga yake mwenyewe, hapana ya wenzake tu. Hajui vita yote ilienda namna gani, anajua paka shimo yenye alikuwa ndani. Kitabu chenye mwandishi anashinda kila ukurasa, wekeni pembeni.

Kuko Eugene Sledge, Marine (askari) wa Marekani, alipigana na Wajapani ku visiwa vya Peleliu 1944 na Okinawa 1945. Kuandika diari kulikatazwa, basi akaandika alama ndogo ndogo na kuzificha ndani ya Agano Jipya yake ya mufuko. Peleliu wakubwa walisema ni siku chache, ikapita miezi miwili. Kitabu chake kilitoka 1981! Miaka 36 kisha vita, na alikuwa mwalimu wa iniversite, mutu wa kuandika, halafu wewe unataka baba ya watoto aeleze yote juma ya kwanza mbele ya mashemeji. Hata jina ya huu ugonjwa wa akili yenye inabaki ku vita, PTSD, waganga wa akili wa Marekani waliliweka mu kitabu chao kikubwa 1980 tu.

Kwetu ni nguvu zaidi, sababu askari wa Force Publique, jeshi ya Kongo ya wakati wa Wabelgiji, waliingia Tabora (Tanzania ya leo) 1916, wakapigana Saio (Ethiopia) 1941, wengine wakafika mpaka Burma, na habari yao mingi iliandikwa na maofisa wazungu. Wazee wakazikwa na habari yao.

Na makadogo, askari watoto, wenye waliingia hapa Aprili 1997 sasa ni wababa. Wengine wanaogopa kusema walikuwa na miaka ngapi, wanafikiri watafungwa. Tusikilizane vizuri: kifungu cha 187 cha sheria ya Januari 10, 2009 juu ya ulinzi wa mutoto kinapiga azabu mwenye kuandikisha mu jeshi mutoto chini ya miaka 18, miaka 10 mpaka 20 ya kifungo. Mwenye kuandikisha, hapana mutoto. Tumeshasema hii mara mingi.

Kama bwana yako anataka kuandika ao kurekodi habari yake, anakuja mwenyewe, si bibi, si kaka. Tunamusomea karatasi ya ruhusa mu luga yenye anaelewa, anatia saini ao kidole, kopi moja inabaki naye, na anaweza kusimamisha siku yoyote. Majina ya wenzake wangali wazima hatuandiki. Siri ya kazi inatufunga sisi: kifungu cha 73 cha kodi penali, mwezi mumoja mpaka sita ya kifungo, ao amende, ao vyote viwili, isipokuwa tribinali imetuita kutoa ushuhuda ao sheria yenyewe inatulazimisha. Nyinyi wa nyumba hamuguswi na ile kifungu, lakini tunawaomba sana, musitume sauti yake mu WhatsApp ya famille.

Kitabu hakimuponyeshi, ni cha kukusaidia wewe kunyamaza karibu yake bila kukasirika. Usimusomee kwa nguvu, kiache ku meza. Usiku usimuamshe kwa kumugusa, muite jina toka mulangoni. Na akianza kusema heri afe, wachaneni na vitabu, mumulete lopitali siku ile ile, musingojee randevu.