Magari yanayopashana habari bila mnara: yanayosemwa na yalivyo

Aliyewahi kupanda basi la Mbeya anaijua lugha ya taa: lori linalokuja likimulika mara mbili, mbele kuna trafiki. Hakuna aliyelipia bando. Mtandao wa magari ni mazungumzo hayohayo yakihamia kwenye redio, ila watu wameyazulia mengi.

“Bila mnara hakuna mtandao.”
Upo. Redio ya gari huongea na redio ya gari jingine moja kwa moja, na aliye mbali hufikiwa kwa kupokezana. Wazo si geni. Wamarekani walianza kujenga mtandao wa redio za namna hii mwaka 1973. Lakini usichanganye na intaneti. Kama hakuna hata mmoja kwenye msururu aliyeunganishwa nje, WhatsApp yako itabaki na kile kisaa chake.

“Magari yakizidi, mtandao unazidi nguvu.”
Hapa hata mafundi huteleza. Gari likiwa peke yake halina wa kuongea naye, sawa. Ila hewa ni moja na wote wanaigombea. Chukua foleni ya jioni, magari 200 yanasikiana, na kila moja linatangaza lilipo mara 10 kwa sekunde. Hizo ni jumbe 2,000. Ujumbe wa baiti 300, ukirushwa kwa megabiti 6 kwa sekunde, hukaa hewani milisekunde 0.4. Zidisha: katika kila sekunde moja, sekunde 0.8 imeshaliwa, na hapo hujahesabu muda wa kusubiriana zamu. Wawili wakisema pamoja, kauli zao zinavurugana.

Dawa ya Ulaya naipenda kwa wepesi wake: kama huna jipya, punguza maneno. Gari hutangaza upya likisogea zaidi ya mita 4, likigeuka zaidi ya nyuzi 4, au mwendo ukibadilika kwa zaidi ya nusu mita kwa sekunde. Lililokwama foleni husema mara moja tu kwa sekunde.

“Itifaki za kompyuta zihamishiwe tu kwenye magari.”
Itifaki ni kanuni za kupitisha ujumbe kati ya mashine. AODV, itifaki iliyochapishwa mwaka 2003, hutafuta njia kwanza ndipo itume. Sasa fikiria magari mawili yanayokutana, kila moja kilomita 100 kwa saa, redio zikifika mita 300. Tangu yasikiane hadi yapoteane ni kama sekunde 11. Njia inayopitia magari manne hukatika mapema zaidi. Ndiyo maana onyo la barabarani halitumwi kwa jina la mtu, linatumwa kwa eneo: yeyote anayekaribia hapa. Utingo anayetandaza matawi nyuma ya lori bovu hajui nani atakuja, na hana haja ya kujua.

“Redio inaona nyuma ya kona.”
Inategemea kona. Mawimbi ya gigahezi 5.9, yanayotumika Ulaya na Marekani, hupata shida mbele ya mwamba au tela lililojaa. Pale Kitonga, penye mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, anayepanda anaweza asimsikie anayeshuka mpaka wamekaribiana mno. Wa kuokoa ni gari la tatu lililo kwenye kona yenyewe, linalosikia pande zote na kupokeza. Wajapani walichagua megahezi 760, mawimbi yanayojipinda vizuri zaidi kwenye kona. Toyota iliyaweka barabarani mwaka 2015.

“Ujumbe wenye sahihi ya kidijitali ni wa kweli.”
Sahihi inathibitisha kwamba mtumaji ana cheti halali na hakuna aliyechezea maneno njiani. Basi. GPS iliyokosea mita 10 husainiwa vizuri kabisa, na gari la nyuma litaambiwa kuna hatari kwenye njia isiyo na kitu.