Rola za mowa hazikaushi majani, jua ndio linakausha

Malalamiko ya wanaovuna hei (majani ya mifugo yaliyokaushwa) yamekuwa mengi huku Dodoma, toka Kongwa, Mpwapwa, Chamwino mpaka Bahi, na karibu yote yanafanana: tumekodi ile mowa (mashine ya kukata majani) ya kisasa yenye rola za kuponda mashina lakini marobota yameota ukungu, au imetupukutishia majani tumebaki na mashina. Jamani, mara nyingi mashine haina kosa.

Majani mabichi robo tatu ya uzito wake au zaidi ni maji. Ukishakata, jani linakauka haraka ila shina linachelewa, lina ganda la nta. Rola zinapasua lile shina maji yapate pa kutokea, basi. Kwa lusena (alfalfa) au mtama wa malisho inasaidia kweli, ila Cenchrus, nyasi yetu ya malisho yenye mashina membamba, kiangazi kikishaanza, mowa ya kawaida inatosha, hela iliyobaki nunua turubai. Na yule anayesubiri mpaka Julai majani yameshajikaukia yamesimama alafu analipia rola, hivi anaponda nini? Protini ilishashuka zamani. Kata yanapoanza kutoa maua. Ndio najua, Machi na Aprili mvua bado ipo, na hapo ndio rola zinalipa maana unaviziavizia siku chache za jua kati ya mvua na mvua.

Wenye lusena msikubali mowa ya vidole vya chuma vinavyochapa mashina badala ya rola, hiyo ni ya nyasi, ndiyo inayopukutisha majani. Chukua yenye rola, alafu kata hatua chache, simamisha, okota nyuma ya mashine uangalie: mashina 9 kati ya 10 yawe yamepasuka, majani yaliyopondeka yakawa meusi yasizidi 5 kwa 100. Yakizidi rola zimebana, zilegezwe. Dereva atakwambia iko sawa, angalia mwenyewe. Kisu kipite sentimita 7 hadi 10 toka ardhini, chini ya hapo unavuna udongo na vichuguu vya huku vitamaliza visu.

Kabla ya kufunga marobota, kwaruza shina kwa kucha, ganda likibanduka bado bichi. Unyevu ukizidi asilimia 20 robota linachemka ndani, linaota ukungu, na ghala linaweza kuwaka lenyewe bila mtu kuwasha kiberiti, sio uchawi huo.

Majani yakikwama, utaratibu ni huu na haurukwi: shusha mowa chini, toa PTO (shafti ya trekta inayozungusha mowa), zima injini, ufunguo mfukoni, subiri visu visimame vyenyewe, ndio ushuke. Ile shafti inazunguka mara 540 kwa dakika, koti likinaswa huna muda wa kupiga kelele. Kava ya shafti isitolewe, hata kama fundi anasema inasumbua.

Kwa wanaouza: hei ni chakula cha mifugo, iko chini ya Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, na wakaguzi wapo kwa mujibu wa sheria hiyo. Kuloweka robota lipime kilo nyingi, au kuficha la ukungu katikati ya mazima, sio ujanja wa biashara, ni kujitafutia kesi. Mnunuzi mwenye mashaka asiwape ng'ombe kwanza, atenge marobota, ashike risiti, aanzie kwa afisa mifugo wa kata. Na tafadhali njoo na robota lenyewe, picha ya simu haionyeshi unyevu.